Waya wa Milimita 0.7

Mafundi cherehani wa Kariakoo hukata uzi kwa meno. Mkasi upo mezani, lakini meno yako karibu zaidi. Wapo wasioweza: wakifunga kinywa magego yanakutana, ya mbele yanabaki wazi, na ulimi unachungulia. Si jambo adimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, wenye miaka 12 hadi 14, ulikuta pengo hilo kwa asilimia 16 hivi. Mara nyingi chanzo ni kidole kilichonyonywa miaka mingi, au ulimi uliozoea kusukuma mbele kila mtoto anapomeza.

Ninayemsifu hapa si daktari. Ni fundi wa maabara ya meno, anayetengeneza kifaa cha waya cha kutibu pengo hilo, na ambaye mgonjwa hamwoni kabisa. Analetewa alama ya kinywa, anamimina plasta huku akigongagonga trei mezani ili mapovu yatoke. Povu likibaki linakuwa kishimo kwenye jino la plasta, na waya utakaa sawa kwenye kishimo, si kwenye jino la mtoto. Pamoja na alama hiyo huja kipande cha nta kilichoumwa: nyuma kimebonyea, mbele laini kama hakijaguswa.

Kisha waya wa milimita 0.7, chuma kisichoshika kutu. Plaizi inashika tu. Kinachokunja ni kidole gumba. Waya ukikunjwa na kunyooshwa palepale mara kadhaa hukakamaa, halafu ukakatikia mdomoni, kwa hiyo fundi mzuri hukunja mara moja. Kwenye gego hutengeneza kishikizo cha Adams: ncha mbili ndogo zinazoingia chini ya mbinuko wa jino, moja kila pembe. Kikikaa, unasikia “ta”.

Nyuma ya meno ya mbele anasimamisha uzio mdogo wa vitanzi. Hausukumi jino lolote. Unaukatalia ulimi na kidole tu, na meno hushuka yenyewe, mwezi baada ya mwezi. Kazi ya kujizuia namna hiyo, kwangu, ndiyo ufundi.

Mfupa wa taya ukiwa ndio uliokua vibaya, uzio hautoshi. Mtu mzima huenda akahitaji upasuaji. Basi mzazi, mwanao akifika miaka saba na bado ananyonya kidole, mpeleke aangaliwe. Kutoka Kariakoo, hospitali ya Muhimbili ni pale Upanga tu; hata kwa miguu mnafika.