Kiputo Kitupu

Kuna ukurasa katika El Deafo, kitabu cha katuni cha Mmarekani Cece Bell, ambao mpwa wangu wa miaka 10 aliukodolea macho mpaka nikadhani kasinzia. Mtu anaongea. Mdomo uko wazi, kiputo cha maneno kimetoka kama kawaida, ila ndani hamna kitu. Cheupe.

"Mjomba, hapa wamesahau kuandika?"

Sikumjibu. Akarudi nyuma, akapitia upya, kisha akajiziba masikio kwa viganja. "Aah. Hasikii."

Mimi nilaye kwa kalamu ningetumia aya nzima kueleza jambo hilo, na mtoto angeniruka. Bell alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka 4, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kitabu hiki, kilichotoka 2014, ni maisha yake mwenyewe, ila watu wote kawachora sungura. Mwanzoni nilidhani ni utundu wa kuwachekesha watoto. Kumbe sungura ni masikio! Nyaya zinapanda kutoka kwenye kifaa cha kusikia alichovaa Cece kifuani hadi kwenye masikio yale marefu, na msichana anaamini shule nzima haina kingine cha kutazama. Betri ikikaribia kwisha, herufi ndani ya kiputo hufifia, zikawa kijivu, zikapotea. Mwalimu naye anavaa kipaza sauti shingoni, hivyo Cece humsikia popote aendapo, hata chooni. Hapo mpwa wangu alicheka mpaka akapaliwa.

Enzi zetu katuni zilisomwa kwa kificho. Gazeti la Sani tulilibana ndani ya daftari la Jiografia, tukacheka na wahusika wake, Lodi Lofa na Ndumilakuwili, huku jicho moja liko mlangoni. Mwalimu mmoja alinichania nakala niliyoazima, akisema picha zinalemaza akili, na deni la nakala ile nililipa kwa maandazi ya wiki nzima. Fikra hiyo haikuwa yetu peke yetu. Wamarekani wamekuwa wakitoa Medali ya Newbery kwa vitabu vya watoto tangu 1922, na ni 2020 tu ndipo riwaya ya katuni iliposhinda kwa mara ya kwanza: New Kid ya Jerry Craft. Humo Jordan Banks, kijana mweusi wa New York anayependa kuchora, anapelekwa shule ya watu wenye pesa, ambako walimu huwachanganya majina wanafunzi weusi. Kinachekesha, na kinauma palepale kinapochekesha.

Lakini kitabu ninachomsukumia kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne hadi la saba ni When Stars Are Scattered. Kilitoka 2020. Victoria Jamieson ndiye aliyechora, Iman Geddy akatia rangi, na maisha yenyewe ni ya Omar Mohamed, aliyeshiriki kukiandika. Omar na mdogo wake Hassan walikimbia vita Somalia wakiwa wadogo, wakaishi miaka 15 katika kambi ya Dadaab, huko Garissa, Kenya. Hassan huanguka kifafa. Neno analosema ni moja tu: hooyo, yaani mama kwa Kisomali.

Hebu jaribu kumwandika mhusika wa namna hiyo kwa maneno matupu. Usipomtaja kurasa mbili, msomaji keshamsahau. Ukimtaja kila mara, unachosha. Mchoraji hana taabu hiyo. Omar akibishana na rafiki, akipanga foleni ya maji, akiwaza kama aende shule au abaki kumlinda ndugu yake, mchoraji humweka Hassan pale pembeni, basi. Hakuna anayemtaja. Jicho la mtoto linamwona, na mzigo alioubeba Omar linauelewa kabla Omar mwenyewe hajaulalamikia.

Halafu kuna kusubiri. Kambini watu husubiri chakula, husubiri mahojiano ya kupelekwa ng'ambo, husubiri jina lao libandikwe. Utachoraje kusubiri? Siri iko kwenye ule mwanya mweupe kati ya fremu na fremu. Unaweza kuwa nukta moja, unaweza kuwa mwaka. Mchoraji hasemi, msomaji ndiye anayeujaza. Mpwa wangu alifika mahali ambapo Omar kishakuwa kijana, sura imerefuka, na mahema ni yaleyale. Akanyanyua kichwa.

"Bado wako hapohapo?"

"Bado."

Akafunga kitabu akatoka nje. Alirudi baada ya chakula cha jioni kukimalizia.

Kinachonikera ni kwamba hadithi ya Garissa nimeisoma kwa Kiingereza, kwenye nakala iliyotoka Marekani. Wachoraji tunao, na magazeti yetu yamewalisha kwa miongo mingi. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, wapeni kurasa 200 na mwaka mmoja wa kufanya kazi.

Nawe mzazi, ukikipata kimojawapo, mwachie mtoto asome mwenyewe, kwa mwendo wake. Usimsomee kwa sauti. Ukifika kwenye kile kiputo kitupu utasema nini?