Mngwana na Mtumwa: Uhakiki wa Visawe vya Istilahi za Historia kwa Mfano wa Ujiji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki desturi ya kutafuta kisawe kimoja cha Kiswahili kwa kila istilahi ya Kiingereza katika insia na sayansi za jamii. Kwa kuchunguza maneno mtumwa, mngwana na kabila katika historia ya Ujiji, yanadai kuwa baadhi ya visawe vilivyozoeleka hufuta tofauti ambazo Kiswahili chenyewe kilikwisha kuzitaja.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mingi mwanafunzi wa sekondari wa Kigoma amesoma historia ya mwambao wa ziwa lake kwa Kiingereza. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa kitabu cha kiada, ambaye maarifa yake mengi ameyapata katika vitabu vya Kiingereza, sasa hana budi kuyaeleza kwa Kiswahili. Aghalabu hatua yake ya kwanza huwa ni kutafuta visawe.

Njia hiyo si mbaya kila mahali. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha (TUKI, 1990) iliisaidia sana taaluma ya isimu, na leo hakuna anayetatizwa na fonimu au mofimu. Lakini fonimu haikuwa na maisha yoyote katika Kiswahili kabla ya wanaisimu kuitwaa. Maneno ya historia hayako hivyo: yalikwisha kutumiwa na watu walewale ambao historia inawazungumzia. Anayeyageuza kuwa visawe tu huyavua ushahidi yaliyoubeba.

2.0 Mtumwa na Mngwana

Ujiji ulikuwa kikomo cha njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Burton na Speke walipofika huko Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuwatangulia. Pamoja na bidhaa na Uislamu, misafara hiyo ilileta Kiswahili na msamiati wake wa daraja za watu.

Msamiati huo ulikuwa mpana. Desturi za Wasuaheli (1903), kitabu kilichohaririwa na Velten na ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, kinamtofautisha mzalia, aliyezaliwa utumwani, na mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara. Kulikuwa pia na mateka, mtwana, mjakazi, suria na mtoro. Maneno haya hayakuwa mapambo ya lugha. Yalionyesha namna mtu alivyoingia utumwani, kazi aliyopewa na nafasi yake katika nyumba ya bwana. Kiingereza huwakusanya wengi wao chini ya neno slave. Mwandishi anayelifasiri neno hilo kuwa mtumwa kila linapotokea huyarithi mapungufu ya Kiingereza, hali lugha yake ingemwezesha kuyaepuka.

Ugumu unazidi tunapofika kwa mngwana. Pwani, mwungwana alikuwa mtu huru mwenye asili na adabu, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Ziwani mambo yaligeuka. Huko waliitwa wangwana hata watu ambao kwa sheria ya pwani walikuwa bado watumwa wa matajiri waliowatuma. Walikuwa Waislamu waliozungumza Kiswahili, walivaa nguo za pamba na kubeba bunduki. Mbele ya wenyeji wa mwambao, hayo ndiyo yaliyokuwa alama za ungwana. Jina hilo lilivuka ziwa hadi Kongo, ambako Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana. Stanley, aliyekutana na Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871, aliliacha neno wangwana kama lilivyo katika vitabu vyake vya Kiingereza.

Tuseme basi kitabu cha kiada kinaandika kwamba wakazi wa Ujiji waligawanyika katika watumwa na watu huru. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi kwa sarufi, lakini inamficha mtu aliyekuwa mtumwa na mngwana kwa wakati mmoja, ambaye bila yeye biashara ya ziwani haielezeki.

3.0 Kabila na Ukabila

Neno la pili lenye utata ni kabila. Waandishi hulitumia kwa Waha, na hulitumia vilevile kwa Wamanyema. Hata hivyo, Wamanyema wa Ujiji hawakutokana na ukoo wala utawala mmoja. Walikuwa watu wa asili nyingi kutoka magharibi ya ziwa, baadhi yao waliletwa kama watumwa, wengine walikuja kama wachukuzi na wafuasi wa misafara. Umanyema wao uliundwa mjini, kisha ukafuata njia hadi Tabora na Dar es Salaam. Kuwaita kabila bila maelezo ni kugeuza matokeo ya historia kuwa chanzo chake.

Jambo hilo, yaani namna watu wanavyojijenga kuwa kundi lenye jina, Kiingereza hulitenga kwa istilahi ethnicity. Kwa kufuata kanuni za unyambuaji, kisawe chake kingekuwa ukabila. Lakini ukabila tayari una hukumu ndani yake: katika hotuba yake ya 1995 kuhusu nyufa za taifa, Mwalimu Nyerere aliutaja kuwa mojawapo ya nyufa hizo. Mwanafunzi atakayeambiwa achunguze ukabila wa Wamanyema atadhani ametakiwa kuwashutumu.

4.0 Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba maneno ya mahali pamoja hayafai kuwa istilahi, kwa kuwa taaluma hutaka kulinganisha Ujiji na kwingineko. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna ulinganishi wa haki pale ambapo upande mmoja umekwisha kutafsiriwa uwe sawa na mwingine. Tunapendekeza kuwa mwandishi aanze na matini za Kiswahili za wakati husika, achunguze kila neno lilipingana na lipi na wapi, ndipo aliweke kando ya istilahi ya Kiingereza. Palipo na pengo, kama kwa ethnicity, ni afadhali maelezo ya sentensi nzima kuliko kisawe chenye lawama. Mtoto wa Ujiji huenda ni kitukuu wa mngwana wa aina hiyo. Kitabu cha Kiswahili kisimpe babu aliyepungua kuliko yule ambaye lugha yake ilimjua.