Gavana Asiye na Dola: Uhakiki wa Kampeni na Utawala wa Balarabe Musa, Kaduna

Tarehe 23 Juni 1981 Bunge la Jimbo la Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, lilimwondoa madarakani Gavana Abdulkadir Balarabe Musa. Alikuwa amekalia kiti hicho tangu tarehe 1 Oktoba 1979, na akawa gavana wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kung'olewa kwa kura ya bunge. Tangu siku hiyo wapenda maendeleo wamesema mengi juu yake, na karibu yote ni ya kumlilia: kwamba alikuwa mwaminifu, kwamba alisimama upande wa wanyonge, kwamba makabaila na mabwanyenye walimfanyia hila. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu akiishia hapo bado hajaeleza lolote, kwa sababu kazi ya makabaila na mabwanyenye ni kufanya hila. Hatuwezi kushangaa kwamba simba amekula nyama. Swali la kada ni jingine. Ilikuwaje chama kilichojitangaza kuwa cha wavuja jasho kikashinda uchaguzi, na bado kikakosa nguvu ya kuulinda ushindi wake hata kwa miaka miwili?

Ili kulijibu hapana budi kuanza na mahali penyewe. Kaduna ya wakati ule ilikuwa jimbo kubwa, lenye Zaria na Katsina ndani yake. Katsina ilikatwa kuwa jimbo lake mwaka 1987. Mji wa Kaduna ulikuwa makao makuu ya Mkoa wote wa Kaskazini tangu enzi ya Waingereza, na hapo ndipo Sardauna wa Sokoto, Ahmadu Bello, alipotawala mpaka alipouawa Januari 1966. Mkoloni alipoingia Kaskazini hakuwavunja watawala wa kikabaila. Aliwaweka kazini. Emiri akabaki na ikulu yake, wakuu wa wilaya na wa vijiji wakabaki chini yake, na wote wakapewa kazi moja iliyo muhimu kuliko zote: kukusanya kodi. Wahausa wana maneno mawili ya kueleza jamii hiyo, nayo yanatosha kuliko kitabu kizima: sarakuna, yaani wenye kutawala, na talakawa, yaani wenye kutawaliwa.

Chama cha kwanza kusema waziwazi kwamba kati ya makundi hayo mawili kuna mapambano ya kitabaka kilikuwa NEPU, kilichoundwa Kano mwaka 1950, ambacho Aminu Kano alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Kwa miaka mingi wanachama wake walipigwa na kufungwa. Majeshi yalipotawala vyama vyote vikafungwa, na amri hiyo haikuondolewa mpaka tarehe 21 Septemba 1978. Ndipo Aminu Kano na wenzake walipounda PRP, chama kilichorithi jina zuri na kumbukumbu za NEPU. Upande wa pili NPN ya Shehu Shagari ilirithi kitu kizito zaidi: watu wa chama tawala cha zamani cha Kaskazini, makontrakta walioneemeka kwa fedha za mafuta, na matajiri wa mikoa mingine waliotaka kugawana keki. PRP ilikuwa na miezi isiyofika kumi kabla ya kura ya kwanza. Miezi kumi inatosha kutengeneza bendera na wimbo. Haitoshi kujenga mashina katika vijiji ambavyo watu wake wamefundishwa kwa vizazi kwamba mkuu wa kijiji ndiye serikali.

WIKI TATU, MAJIBU MATATU

Uchaguzi wa mwaka 1979 ulipigwa kwa awamu tano, na kwa Kaduna awamu tatu za mwisho ni somo tosha. Tarehe 21 Julai wapiga kura walichagua Bunge la Jimbo, na NPN ikapata wingi mkubwa. Tarehe 28 Julai wapiga kura wale wale walichagua gavana, na Balarabe Musa wa PRP akamshinda Lawal Kaita wa NPN kwa tofauti ndogo. Tarehe 11 Agosti walichagua Rais, na katika jimbo hilo hilo Shagari akapata kura nyingi kuliko Aminu Kano.

Watu wa Kaduna waligeuka mara mbili katika siku ishirini na moja? La. Tofauti ilikuwa katika namna kura yenyewe ilivyopigwa. Mjumbe wa Bunge la Jimbo huchaguliwa katika eneo dogo, ambamo kila mtu anajulikana kwa jina la baba yake. Hapo mgombea wa NPN hakuhitaji ilani. Alihitaji gari, kontrakta mmoja wa kulipia mafuta, na neno la mkuu wa kijiji. Mkulima anayejua kwamba jirani yake ameona alikokwenda hana uhuru mkubwa. Kura ya gavana ni jambo jingine. Jimbo zima ni eneo moja, na manung'uniko yaliyotawanyika huku na huko yanaweza kujumlishwa: talakawa wa Katsina na Zaria, wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Kaduna, watu wa kusini mwa jimbo waliochoshwa na mamlaka ya maemiri juu yao, na wafuasi wa vyama vidogo ambao hawakumtaka mtu wa NPN. Wote hao waliweza kukutana kwenye jina la mtu mmoja kwa siku moja. Kumkubali Balarabe Musa hakukuwa lazima kuikubali PRP, na kura ya Rais ilithibitisha hivyo.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipo. Kampeni ilikusanya hasira badala ya kuijenga iwe umoja uliopangika. Hatusemi kwamba Balarabe Musa binafsi alizembea. Kwa taaluma alikuwa mhasibu, mtu wa hesabu na utaratibu, na alikuwa na wasomi hodari karibu naye, mmoja wao mwanahistoria Yusufu Bala Usman wa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, aliyekuwa Katibu wa serikali yake. Tunachosema ni kwamba chama kilielekeza macho juu, kwenye kiti, na kikawaachia makabaila maeneo madogo ambamo maisha ya mkulima yanaamuliwa. Miezi ishirini baadaye maeneo hayo madogo, yakiwa yamekaa pamoja ndani ya ukumbi wa Bunge, ndiyo yaliyomtoa.

ALICHOKUWA NACHO GAVANA

Tuhesabu basi gavana huyu aliingia ofisini na nini. Polisi walikuwa wa Shirikisho, na katiba ya mwaka 1979 ilimruhusu kamanda wa polisi katika jimbo kuipeleka amri ya gavana kwa Rais kwanza kabla ya kuitii. Ubaya wa jambo hilo ulionekana jirani kabisa, katika Jimbo la Sokoto, Aprili 1980, polisi walipowafyatulia risasi wakulima wa Bakolori waliokuwa wakidai haki kwa ardhi iliyochukuliwa na mradi wa bwawa. Fedha? Sehemu kubwa ya mapato ya jimbo ilikuwa mgao wa mafuta kutoka Shirikisho, mikononi mwa NPN. Sheria zilipitia Bunge, nalo ni la NPN. Vijijini walikuwapo wakuu wale wale. Kilichobaki kwa gavana kilikuwa kalamu, muhuri, na watumishi wa serikali waliozoea kuwatumikia wengine. Wenzetu huita hali hiyo kushika serikali. Kushika serikali si kushika dola.

Pambano lilianza mara moja. Katiba ilitaka makamishna, yaani mawaziri wa jimbo, wathibitishwe na Bunge. Gavana alipeleka majina, Bunge likayakataa. Akapeleka tena, likakataa tena. Ilikuwa wazi kwamba NPN ilitaka igawiwe viti, na kwamba ikigawiwa mambo yangetulia. Balarabe Musa alikataa biashara hiyo, akatawala bila baraza la makamishna. Wapo wanaosema hadi leo kwamba huo ulikuwa ukaidi, kwamba mwanasiasa mwenye busara angetoa viti vitatu vinne ili abaki na vingine. Mimi sikubaliani nao. Serikali iliyoahidi kuwaondolea talakawa mzigo haiwezi kumkabidhi funguo yule anayeishi kwa mzigo huo. Alikataa kwa haki. Ila kukataa peke yake si mkakati. Mtu akifunga mlango wa mapatano ndani ya ukumbi, hana budi kufungua mwingine nje, kwa umma, na mlango huo wa pili haukufunguliwa.

Jambo la kodi linaonyesha hivyo kuliko jingine lolote. Serikali ya Balarabe Musa, kama ile ya mwenzake Abubakar Rimi huko Kano, ilifuta haraji na jangali. Haraji ilikuwa kodi ya watu wazima, ndugu ya kodi ya kichwa ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Jangali ilitozwa wafugaji kwa hesabu ya ng'ombe. Mwenye kutazama daftari la hazina ataona hatua hiyo kuwa nafuu ndogo kwa maskini na hasara ndogo kwa serikali. Mwenye kutazama kijiji ataona zaidi. Mkusanyaji wa kodi hizo alikuwa mkuu wa kijiji. Aliyehesabu vichwa na ng'ombe alikuwa yeye. Aliyeweza kumsamehe huyu na kumwonea yule alikuwa yeye. Kufuta kodi kulikuwa kumnyang'anya fimbo. Maemiri na NPN walilielewa hilo upesi, na ndiyo maana ugomvi haukuwa wa makamishna tu.

Je, talakawa walilielewa vile vile? Walifurahi, bila shaka. Lakini nafuu ilishuka kutoka juu kama mvua, na mvua haina mwenyewe. Hapakuwa na kamati za walipa kodi zilizoundwa kijiji kwa kijiji kabla ya amri kutoka, za kuchunguza daftari za zamani, kusema hadharani nani alionewa, kisha kuhakikisha kwamba mkuu hatozi kwa mlango wa nyuma. Kamati kama hizo zingekuwa shule ya siasa na pia jeshi la kisiasa. Mjumbe wa NPN anayepiga kura ya kumwondoa gavana angelazimika kurudi kwenye eneo lake na kuwajibu watu waliokwisha kujifunza kuuliza. Ndugu mmoja aliwahi kuniambia kwamba hayo ni rahisi kuyasema ukiwa mbali. Ni kweli, ni rahisi. Lakini NPN yenyewe ilikuwa na mtu wake katika kila kijiji, na haikuona ugumu.

NYUFA ZA NDANI

Wakati NPN ikinoa visu, PRP ilikuwa ikijikata yenyewe. Magavana wake wawili, Musa na Rimi, walihudhuria mikutano ya pamoja na magavana watano wa UPN na wawili wa GNPP, ili kukabiliana na Serikali ya Shirikisho. Aminu Kano aliiona mikutano hiyo kuwa ukiukaji wa nidhamu ya chama, na ugomvi ukakua mpaka chama kikapasuka: upande mmoja Aminu Kano, upande wa pili magavana, pamoja na mzee wa vyama vya wafanyakazi Michael Imoudu. Tume ya Uchaguzi ikautambua upande wa Aminu Kano. Kwa nadharia kila upande ulikuwa na hoja. Gavana aliyezingirwa anahitaji washirika. Chama kisicho na nidhamu si chama. Ila tazama nani aliyekuwa akibishana. Walikuwa viongozi watupu. Hapakuwa na mashina yaliyo hai ya kuwaita wote wawili na kuwauliza, kwa hiyo mgogoro ukaamuliwa na makatibu, magazeti na Tume.

Baada ya hapo kuondolewa kulikuwa kazi ya taratibu tu. Katiba ilitaka hati ya mashtaka iliyosainiwa na theluthi moja ya wajumbe, kamati ya uchunguzi ya watu saba, kisha theluthi mbili kuikubali taarifa. Na ikakataza mahakama yoyote kuhoji shughuli hiyo. Neno lenyewe la mashtaka, utovu mkubwa wa nidhamu ya kazi, lilikuwa pana kiasi cha kumtosha yeyote. Balarabe Musa alikwenda mahakamani na kukuta mlango umefungwa na katiba ile ile aliyoapa kuilinda. Naibu wake, Abba Musa Rimi, akachukua kiti.

Siku kumi na saba baadaye, tarehe 10 Julai 1981, moto uliwaka, lakini Kano. Serikali ya Rimi ilikuwa imemwandikia Emiri Ado Bayero barua ya kumtaka ajieleze. Umati ukaingia mitaani kumtetea emiri, ukachoma majengo ya serikali, redio na gazeti la jimbo, ukamuua Dk. Bala Mohammed, mshauri wa siasa wa gavana. Kwa mwanamapinduzi hakuna habari ya uchungu kama hiyo: gavana wa talakawa ameondolewa na mitaa haikutikisika, emiri ameandikiwa barua na mitaa imelipuka, na katika umati ule wengi walikuwa talakawa.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa ufupi. Aminu Kano alifariki Aprili 1983. Katika uchaguzi wa mwaka huo Lawal Kaita, aliyeshindwa mwaka 1979, alitangazwa mshindi Kaduna, akatawala miezi mitatu tu, mpaka majeshi yalipopindua serikali tarehe 31 Desemba 1983. Balarabe Musa hakuhamia kwa wenye nacho, jambo ambalo wengi wa rika lake walilifanya bila haya. Vyama viliporudi aliifufua PRP, na mwaka 2003 akagombea urais kwa tiketi yake, akapata kura zisizofika asilimia moja. Alifariki tarehe 11 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 84. Heshima aliyokuwa nayo mpaka mwisho ilikuwa yake binafsi, na ndiyo maana haikuweza kuhesabiwa katika sanduku la kura.