Kitindamlo, Krimu na Tofaa: Lugha ya Mikahawa na ya Mapishi Matamu Mkoani Tanga

Makala ya istilahi kwa desturi huanzia mahakamani, hospitalini au kiwandani. Msomaji wa kurasa hizi amekwisha kuzoea kutuona tukibishana juu ya maneno ya benki na ya uhandisi, na yamkini atashangaa kutukuta safari hii tumeketi mkahawani mbele ya kisahani cha keki. Tulikuwa Tanga kwa kazi nyingine. Jioni moja tuliingia katika mmoja wa mikahawa mipya ya mjini, yenye meza za mbao zilizopigwa msasa, taa zilizofunikwa kwa vikapu vya ukindu na maua katika chupa. Kila meza ilikuwa na orodha ya vyakula na vinywaji iliyochapwa kwa uangalifu mkubwa. Tuliisoma mwanzo hadi mwisho. Neno la Kiswahili lililokuwamo lilikuwa moja tu, nalo ni "Karibu".

Meza ya pili alikuwapo bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake. Alimwita kijana mhudumu akamwambia, "Mwanangu, nisomee, kuna nini humu?" Kijana, baada ya shikamoo, alimsomea kwa Kiingereza, kisha akajaribu kufasiri: kuna keki ya krimu. Bibi akauliza, "Krimu hii ya kupaka uso?" Mjukuu akacheka, sisi tukainamia vikombe vyetu. Yule kijana alifikiri kidogo, akasema, "Siyo hiyo, bibi. Ni kama malai." "Ah, malai! Si ungesema," akajibu bibi, na keki ikaagizwa.

Neno lililohitajika lilikuwamo kinywani mwa kijana tangu mwanzo. Alilificha kwa kudhani kwamba si la mahali kama pale. Nasi hatuna ujasiri wa kumlaumu, kwa kuwa dhana hiyo ameipata katika vitabu, katika tafsiri na katika orodha za maneno ambazo watu wa kazi yetu huzitoa. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba, katika uwanja wa vyakula vya sukari, pwani ya kaskazini ya Tanzania haikuwa na upungufu mkubwa wa maneno. Waliopungukiwa ni waundaji na wafasiri, ambao hawakwenda kuyasikiliza.

Tuanze na neno kubwa lenyewe, kitindamlo. Limeundwa kwa ufundi. Lina kitenzi cha Kibantu, kutinda, kwa maana ya kukata au kukomesha, nalo lafuata mfano wa kitindamimba, mtoto wa mwisho. Kwa sheria za uundaji hatuna la kulitoa kasoro. (Kaskazini zaidi, Mombasa na Lamu, kutinda ni kuchinja, na mwenyeji wa huko akilisikia mara ya kwanza aweza kuingiwa na mawazo ya mbuzi, hilo ni la kuchekesha kuliko la kudhuru.) Kasoro yake iko katika dhana. Neno hili limechukua mpango wa meza ya Kizungu, supu kwanza, nyama katikati, utamu mwisho, likauhamishia katika nyumba ambamo utamu hauliwi kwa mpango huo. Tanga, Pangani na vijiji vya Mkinga, mkate wa kumimina hauji nyuma ya wali; huliwa kwa chai, asubuhi au alasiri. Kaimati na tambi za sukari ni vyakula vya futari, yaani huja wakati wa kufungua, wala havitindi kitu. Kashata ni mwenzake kahawa chungu. Halua hutolewa arusini na kwa mgeni, hata kabla chakula hakijaiva. Visheti na vileja hukaa koponi siku nyingi vikimngojea atakayebisha hodi. Tukimfundisha mtoto wa Tanga kwamba vyote hivi ni vitindamlo, tumempa neno lililo sahihi kisarufi pamoja na habari isiyo ya kweli juu ya kwao.

Wako wanaokwepa tatizo hili kwa kusema "vyakula vitamu". Hilo nalo halifai kuwa istilahi, kwa sababu pilau iliyopikwa vizuri ni chakula kitamu, na mchuzi wa papa vilevile. Kiswahili hakitenganishi utamu wa sukari na utamu wa mapishi kwa neno tamu pekee. Lakini kinatenganisha kwa kulirudia: tamutamu. Neno hili ni la zamani, limo katika kamusi, na mtu wa pwani akilisikia hafikirii pilau hata kidogo. Twaona tamutamu lafaa kuwa jina la jumla, na kitindamlo libaki kwa dhifa na hoteli ambako kweli kuna mlo wa kutindwa. Kwa njia hii hatumfukuzi mtu. Kila neno linapewa kazi yake.

Mkahawa nao una historia yake, na wenye mikahawa mipya wangefaidika kuikumbuka. Jina lenyewe limejengwa juu ya kahawa, ijapokuwa leo wengi husema mgahawa na kumaanisha mahali pa kula wali. Katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, kahawa imekuwa ikinywewa barazani tangu zamani: muuzaji na dele lake lenye makaa chini, vikombe vidogo vikigonganishwa ili vitangulize habari, kashata kwenye sahani. Mazungumzo ya siasa, ya mpira na ya misiba hupita hapo. Mkahawa wenye taa za ukindu si mgeni kabisa katika mji huu. Ni baraza lililopata milango na hesabu ya kodi.

Hata hivyo hatusemi kila kitu kiitwe kwa jina la nyumbani. Mwenzetu mmoja alipendekeza espreso iitwe kahawa chungu. Tulikataa. Kahawa chungu huchemshwa chomboni mpaka ikolee. Espreso hukamuliwa kwa mashine, maji ya moto yakisukumwa kwa nguvu katika unga wa kahawa kwa nusu dakika hivi. Ni vinywaji viwili, na anayeagiza kimoja asiletewe kingine. Basi espreso, kapuchino na tiramisu tuzikope bila haya, kama wazee wetu walivyokopa kaimati kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni tonge ndogo, na malai kutoka Bara Hindi. Tunachokipinga ni kukopa jina la kitu ambacho tayari kina jina. Ile orodha ya mkahawani ilikuwa na panakota, yaani malai iliyotiwa sukari ikagandishwa. Kinachogandishwa kwa namna hiyo pwani yote hukiita faluda. Tofauti iko katika kigandishi: faluda yetu hugandishwa kwa unga wa mwani, panakota kwa jelatini. "Faluda ya malai" ingeeleweka na bibi na mjukuu kwa pamoja. (Mwani umekuwa ukilimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa hulimwa katika vijiji vya pwani ya Tanga pia, sehemu kubwa husafirishwa nje, ikatumike kugandisha na kutia uzito vyakula vya watu wengine. Tunauza kigandishi, kisha tunanunua jina.)

Zaidi ya hayo, upishi wa pwani una utaratibu wake wa kuita vitu, nao ni mzuri kuliko tulivyowahi kuukiri. Mkate wa kumimina umeitwa kwa kitendo cha mpishi. Mkate wa sinia umeitwa kwa chombo. Mkate wa mayai umeitwa kwa kilichozidi ndani yake. Hapa mkate si ule wa duka la mikate tu. Ni chochote cha unga kilichookwa kikashikana, kiwe na sukari au kisiwe nayo. Mfasiri aliyekariri kwamba mkate una maana moja hulazimika kuita vyote vingine keki, na hapo jamii nzima ya vyakula hupotea katika ukurasa mmoja.

Kutoka mkahawani twende jikoni, maana huko ndiko makosa yetu yanakoharibu unga wa watu. Mwalimu mmoja anayefundisha upishi alituonyesha kijitabu cha mapishi kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Mpishi aliagizwa "akunje" unga ndani ya mayai. Wanafunzi walimwuliza mwalimu unga unakunjwaje, kama kanga? Ukurasa wa pili uliwataka "wachape" krimu. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa sisi wenyewe tumewahi kuupitisha mswada wenye neno hilo hilo "kunja" bila kulitilia alama. Mpishi yeyote wa Pangani angesema mayai yapigwe mpaka yaumuke, kisha unga utiwe kidogo kidogo na kuchanganywa kwa mkono mwepesi, povu lisife. Ni maneno mengi kuliko moja, lakini anayeyafuata hupata mkate.

Kijitabu hicho kilidhani kila nyumba ina oveni, kikataja nyuzijoto 180 na kuishia hapo. Hakikuwa na habari ya kupalia. Kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko cha chungu au sufuria, ili moto uwe juu na chini. Wali hupaliwa, na mikate ya sinia imeokwa hivyo katika maelfu ya nyumba zisizo na umeme. Neno moja, lenye silabi nne, limebeba ufundi mzima, na mfasiri hakulijua au hakulithamini. Vivyo hivyo kasimile, tui la kwanza zito kabla ya maji ya pili, likageuka "krimu ya nazi". Shira ya kuchovyea kaimati iliandikwa "sirapu". Katika bonde la Pangani miwa ilikamuliwa sukari katika karne ya 19, kabla ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888. Haifai kwamba wajukuu wa mji huo wafundishwe kwa neno la kuazima namna ya kuchemsha sukari na maji.

Kosa zito kuliko yote lilikuwa la tunda. Kijitabu kilikuwa na pai ya "matofaa", na maelezo yake yalisema ni pishi la "vuli". Kwa Kiarabu asili ya tofaa ni lile tunda la nchi za baridi ambalo watu madukani huliita epo, na vitabu vingi vya shule hulitaja kwa jina la tufaha. Lakini kwa mwenyeji wa pwani tofaa ni tunda la mtofaa: jekundu, lenye maji mengi na nyama laini, kokwa moja katikati. Mwanafunzi mmoja alifanya kama alivyoelekezwa. Aliyachuma uani kwao, akayakata, akayaweka ndani ya pai. Yalitoa maji, unga ukalowa, na unga, samli na sukari ya nyumba yao vikamwagwa. Kwa mwenye kipato kidogo, kosa la istilahi laweza kuwa na bei kwa shilingi. Nayo vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati maembe yanapoanza kuiva. Si majira ya majani kupukutika Ulaya. Mfasiri alitafuta neno la majira akalipata, lakini matunda ya majira hayo hakuyaangalia.

Na hapo ndipo tuonapo nafasi nzuri iliyopotea. Mapishi ya msimu si jambo la kuletewa. Neno msimu lenyewe limetufikia kwa lugha ya mabaharia wa pepo za kaskazi na kusi. Kaskazi ina maembe, dodo na bolibo na sindano, kila moja na kazi yake. Kipupwe kina machungwa ya Muheza, malori kwa malori. Mwenyeji wetu wa Pangani, mama wa makamo asiyewahi kufungua kitabu cha upishi, alitukaribisha kwa bolibo lililokatwa vipande vyembamba katika bakuli za kioo, likamiminiwa kasimile baridi yenye hiliki ya milima ya Usambara na chembe ya chumvi. Juu aliweka lozi zilizokaangwa. Tulimwuliza pishi hilo laitwaje. Alisema, "Embe la kasimile, wanangu, litaitwaje jingine?" Jina kama hilo lingekaa vizuri katika orodha yoyote ya mkahawa, nalo lingemwambia mteja kila kitu anachotaka kujua.

Mwenye mkahawa tuliyezungumza naye alitueleza kwamba wateja wake, hasa vijana na watalii, hupenda majina ya kigeni, na kwamba biashara ni biashara. Hatumbezi. Lakini orodha yaweza kuwa na lugha mbili, Kiswahili juu na Kiingereza chini kwa herufi ndogo, na gharama yake ni wino tu. Katika mkoa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, hatudhani tunaomba makubwa.

Kwa sasa basi tunapendekeza kwa wafasiri na walimu yafuatayo yatumike na kujaribiwa: tamutamu kwa jina la jumla, malai kwa mafuta ya maziwa yanayoliwa, na krimu iachiwe vipodozi, kasimile, shira na kupalia virudishwe vitabuni, tofaa libaki la mtofaa, na lile la nchi za baridi liandikwe tufaha likiwa na maelezo kila linapotokea mara ya kwanza. Kuhusu hili la mwisho hatuna hakika kwamba tofauti ya tofaa na tufaha itasikika darasani, na tungependa kusikia kutoka kwa walimu waliojaribu.

Liko jambo moja ambalo limetushinda. Shira inapochemka hupita hatua: kwanza hunata kidoleni, kisha huvuta uzi, kisha hushika, na mwisho hukatika kwa mlio ikipoa. Vitabu vya Kiingereza vina jina kwa kila hatua. Wapishi wa kashata na halua bila shaka wanayo yao. Tunawaomba wasomaji walioko Pangani, Mtang'ata, Moa na visiwani watuandikie majina hayo kama wanavyoyasikia, wakitaja kijiji, umri wa msemaji na pishi alilokuwa akilipika.