Rudisha Mkono

Mchana, kumbi za kijamii za Eastlands, Nairobi, ni za kila mtu: mkutano wa chama, harambee ya mazishi, ibada. Jioni, viti husukumwa ukutani na wanandondi wakaingia. Ulingo wenye kamba ni nadra. Mara nyingi utakuta sakafu ya simiti, gunia moja au mawili ya kupigia yaliyoning'inizwa kwenye chuma cha paa, na glavu zilizokwisha kupita mikononi mwa wengi. Humo hufundishwa ufundi mkubwa, na naona hatujausifu inavyostahili.

Kabla ya ngumi ya kwanza kuna bendeji. Kitanzi huingia kwenye dole gumba, kitambaa kikapita mgongoni mwa kiganja, kikazunguka kifundo cha mkono, kikapanda hadi vifundo vya vidole, kikapenya kati ya kidole na kidole, kisha kikashuka tena. Anayeanza hukaza mpaka vidole vikafa ganzi, au hulegeza mpaka kitambaa kikafumuka mazoezi yakiwa nusu. Mzoefu hufunga huku anaongea na mwenzake, halafu hukunja ngumi na kuikunjua kuona kama damu inapita. Mifupa ya mkono ni midogo tena mingi, na anayeidharau bendeji hurudi nyumbani mkono umevimba. Nidhamu huanzia hapo, jasho halijatoka bado.

Ndipo huja konde la kushoto, lile la kunyooka ambalo makocha huanza nalo. Kulirusha si kazi. Watoto wa Huruma na Dandora hujua kurusha ngumi mapema mno. Kazi iko kwenye kurudi. Mkono sharti urudi kwa njia ileile uliyoendea, kwa upesi uleule, hadi shavuni, kidevu kikiwa kimejificha nyuma ya bega. Ukirudi chini kidogo tu, usawa wa kifua, mkono wa kulia wa mpinzani umeshapata pa kupita. Ndiyo maana utasikia "Rudisha mkono!" ikirudiwa jioni nzima, kwa aliyekuja juzi na kwa anayelenga timu ya taifa pia. Mwili ukiwa na nguvu, kila mtu hurudisha. Ila raundi ya tatu, mabega yanapowaka, mkono hutaka kushuka wenyewe, na hapo ujanja hausaidii. Husaidia mazoea ya miaka, basi.

Pambano la Olimpiki ni raundi tatu za dakika tatu tatu. Dakika tisa! Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, hakuzimaliza katika fainali ya Seoul mwaka 1988. Alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akiwa na umri wa miaka 21, na hadi leo ndiye Mkenya pekee aliyetwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Watu hulikumbuka konde. Mimi huzifikiria jioni zilizolitangulia, ambazo hakuna kamera iliyozinasa. Na ni haki tukumbuke pia kwamba Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994, siku chache baada ya pambano la kulipwa, hajatimiza miaka 27. Ufundi huu haufanyiwi mzaha. Kocha anayeipenda kazi yake hamruhusu mtu kupanda ulingoni kabla mkono haujajua kurudi.

Kwa wasichana safari ni ndefu zaidi, kwa kuwa jioni ndiyo saa ya maji, ya kupika na ya kulea wadogo, na majirani nao wana maneno. Hata hivyo klabu ya Boxgirls ya Kariobangi imewafungulia mlango, na Elizabeth Andiego aliyetoka humo akapigana London mwaka 2012, ndondi za wanawake zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 Christine Ongare alirudi na shaba kutoka Gold Coast, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani ya ndondi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Lakini wengi hawatapata nishani yoyote, na hao ndio ninaowastahi zaidi. Kwenye mitaa ambayo kibarua hupatikana asubuhi na kuisha jioni, ambapo kodi ya nyumba hufanya mwezi uwe ndio upeo wa mipango, kijana anayekubali kujifunza kitu kimoja kwa miaka bila kulipwa amefanya jambo gumu. Ameamini kesho. Na ngumi yake, kadiri inavyoiva, ndivyo anavyozidi kuchelea kuitumia barabarani.

Kwa mzazi, ombi langu ni subira: usimwondoe mtoto kwa sababu mwezi wa pili bado anaruka kamba tu. Kwa kaunti: kumbi hizi ni mali ya umma. Ziezekwe, zitiwe taa, zisifungwe saa za mazoezi, na makocha wanaofundisha bure miaka nenda miaka rudi wapewe mshahara.