Mwandishi Alihojiwa, Kitabu Hakikuhojiwa

Mwezi wa Julai 2013, mtangazaji Lauren Green wa Fox News alimhoji Reza Aslan kuhusu kitabu chake, Zealot, kinachoeleza maisha ya Nabii Isa (a.s.). Akang'ang'ania swali moja: kwa nini Muislamu aandike juu ya mwanzilishi wa Ukristo? Aslan akajibu kwa kutaja shahada zake, na Waislamu wengi tukamshangilia.

Kuchunguza hali ya msimulizi si kosa. Maulamaa wa Hadithi wana elimu nzima ya jarh na taadil. Lakini wao hawakuishia kwenye sanadi, waliipima na matini. Green alibaki mlangoni. Laiti angeingia ndani, angemuuliza: kitabu chako chasema Isa alisulubiwa na Warumi, na Suratun-Nisaa aya ya 157 yakanusha, wewe Muislamu wasemaje? Nasi tuliomshangilia hatukumuuliza.