Moyo Usiojaa: Uhakiki wa Modeli za Kihisabati za Moyo kwa Mtazamo wa Mocímboa da Praia

Modeli nyingi za kihisabati za moyo zimejengwa juu ya sitiari moja: moyo ni pampu. Sitiari hiyo ina nasaba ndefu. Mwaka 1628 William Harvey alikadiria kiasi cha damu kinachotoka moyoni, akaonesha kwamba chakula kinacholiwa kisingeweza kuizalisha yote upya, lazima izunguke. Mwaka 1899 Otto Frank aliueleza mfumo wa ateri kwa vigezo viwili, unyumbufu na ukinzani. Katika miaka ya 1970 Hiroyuki Suga na Kiichi Sagawa walieleza ugumu wa ventrikali unaobadilika katika kila pigo.

Milinganyo hiyo si potofu. Tatizo ni kwamba hushughulikia zaidi namna moyo unavyosukuma kuliko namna unavyojaa. Mlinganyo wa Frank huanzia kwenye aota. Mtiririko utokao moyoni huchukuliwa kama jambo lililokwisha kujulikana. Modeli ya Suga na Sagawa ina nafasi ya ugumu wa moyo unapolegea, lakini mtafiti anayeazima thamani yake kutoka kwa mioyo yenye afya huwa amejibu swali kabla ya kulipima.

Nchini Msumbiji upungufu huo si wa kinadharia tu. Ugonjwa wa kovu katika utando wa ndani wa moyo, ambao Jack Davies aliueleza Kampala mwaka 1948, huikakamaza ventrikali na kuizuia kujaa. Utafiti wa Ana Olga Mocumbi na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watu 1,063 wilayani Inharrime, kusini mwa nchi, ukaukuta kwa asilimia 19.8.

Hesabu ya kielelezo inatosha kuonesha hatari. Moyo unaojaa mililita 120 na kutoa 70 husukuma asilimia 58 ya damu iliyomo; kwa mapigo 70 hutoa lita 4.9 kwa dakika. Moyo wenye kovu unaojaa mililita 50 na kutoa 30 husukuma asilimia 60. Kwa kigezo hicho pekee, mgonjwa huyu ni mzima. Lakini hata kwa mapigo 90 hutoa lita 2.7 tu, na vali ikivuja, sehemu ya damu hiyo hurudi nyuma.

Takwimu za Inharrime haziwezi kuhamishiwa Mocímboa da Praia kana kwamba pwani yote ni moja. Tangu shambulio la Oktoba 2017, na hasa baada ya mji na bandari yake kutekwa Agosti 2020 hadi kukombolewa Agosti 2021, wakazi wametawanyika na kurejea kwa awamu. Sampuli inayotegemea orodha za kaya za zamani itawaacha nje wengi.

Kwa hiyo, mshauri wa sera anayeletewa modeli aulize kwanza: ujazo umepimwa wapi, na kwa nani? Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa mashine inayobebeka, kitangulie mlinganyo. Katika kuwaeleza wananchi, istilahi isitafutwe mbali: watu wa bandari wanajua kujaa na kupwa, na wanajua kwamba maji yasiyojaa hayaelei chombo.